Kuanzisha na kuendesha kikundi cha kushona mablanketi ya viraka: mwongozo kamili

Chini ya meza ya karibu kila fundi cherehani pana kiroba cha mabaki ya vitenge. Kikijaa, kinakwenda jalalani au jikoni kuwashia moto. Mwongozo huu ni wa akina mama, akina dada na yeyote mwingine anayependa sindano, wanaotaka mabaki yale yawe mablanketi, na wanaotaka wawe na siku yao ya kukaa pamoja na kushona. Nimeuandika nikiwafikiria watu wa Makete, Njombe, Mafinga na Lushoto, ambako mwezi wa Juni na Julai blanketi moja halitoshi. Blanketi la viraka lina tabaka tatu: uso wa viraka juu, mgongo chini, na tabaka la kati la kuleta joto. Anayeishi Tanga au Mombasa aache tabaka la kati, atapata tandiko la kitanda.

Uingereza kuna chama cha washonaji wa aina hii tangu 1979, kinaitwa The Quilters' Guild of the British Isles. Marekani wako katika miji mingi, mikubwa kwa midogo, wakikutana kwenye maktaba na kumbi za makanisa. Baadhi ya taratibu zilizo hapa chini zimetoka kwao, nyingine zimetoka kwenye vikundi vyetu vya kufa na kuzikana. Jambo moja ndilo litakalorudi kila hatua: washonaji 12 watatengeneza blanketi moja ikiwa wote wanatumia kipimo kimoja. Katiba, mhuri na akaunti vinaweza kusubiri miezi mitatu. Kipimo hakisubiri.

Hatua ya kwanza: watu, mahali na siku

Anzeni mkiwa kati ya 8 na 15. Chini ya hapo kazi inalemea wachache, na mkizidi hapo walioketi nyuma hawaoni mikono ya anayefundisha. Tafuteni mahali penye sakafu safi ya kutosha kutandika mkeka mkubwa na penye mwanga wa dirisha. Darasa la shule ya Jumapili, ukumbi wa madrasa baada ya vipindi, au sebule ya mmoja wenu, vyote vinafaa. Umeme si lazima. Cherehani ya kukanyaga inashona blanketi vizuri kabisa, na asiye na cherehani atashona kwa mkono.

Chagueni siku isiyogongana na gulio, ibada wala kikao cha vikoba, kisha msiihamishe. Mara mbili kwa mwezi inatosha: siku moja ya kufundishana na siku moja ya kushona tu. Anayefiwa na anayeuguliwa hadaiwi mahudhurio.

Viongozi watatu wanatosha kwa kuanzia: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Ongezeni wa nne ambaye vikundi vingi havina: mtunza vifaa. Huyu ndiye anayehesabu sindano mwanzo wa kikao na kuzihesabu tena mwisho, maana sindano iliyobaki kwenye mkeka itampata mtoto anayetambaa. Sumaku ya spika mbovu ikipitishwa sakafuni inaokota pini zote. Huyo huyo ndiye mlinzi wa mkasi wa kitambaa, ambao haukati karatasi hata siku moja, aombe atakavyo anayetaka kuuazima.

Hatua ya pili: kipimo mama

Hapa msifanye haraka.

Mwaka 1987, kwenye uwanja mkubwa wa National Mall mjini Washington, yalitandazwa mapande 1,920 ya kitambaa, kila pande likiwa na jina la mtu aliyefariki kwa UKIMWI. Walioyashona walikuwa wazazi, wapenzi na marafiki kutoka sehemu mbalimbali za nchi, wengi wao hawajawahi kuonana. Kila mmoja aliweka rangi na picha alizotaka, ila agizo lilikuwa moja: futi 3 kwa futi 6. Kwa agizo hilo kazi za watu wasiojuana zikaunganika.

Nyinyi hamhitaji pande kubwa hivyo. Tumieni kipande cha inchi 12 kwa 12 kikishamaliza kuunganishwa, yaani kikatwe inchi 12 na nusu kila upande, kwa sababu robo inchi kila upande inaliwa na mshono. Mtindo rahisi kwa wanaoanza ni viraka tisa: miraba 9 ya inchi 4 na nusu, safu tatu za viraka vitatu vitatu.

Mwambieni seremala awakatie kwa kipande cha plaiwudi miraba miwili, mmoja wa inchi 4 na nusu na mmoja wa inchi 12 na nusu. Hivyo ndivyo vipimo mama, na vinakaa kwa mtunza vifaa. Kutokana navyo, kila mwanachama ajikatie vyake vya kwenda navyo nyumbani. Kadibodi ya boksi inalika pembe baada ya kuchora mara nyingi, na mraba unapungua bila mwenyewe kujua. Filamu ya zamani ya eksirei inadumu zaidi, tena inaonyesha ua la kitenge lililo chini yake, kwa hiyo unachagua sehemu ya kukata. Msikopi kopi ya mwenzako. Kila kipimo kitoke kwenye kipimo mama.

Kosa linalovunja moyo zaidi liko kwenye mshono. Anayeshona akizidisha robo inchi kwa 1/8 tu, kipande chake cha viraka tisa kitatoka inchi 12 badala ya 12 na nusu. Pangeni vipande 7 vya namna hiyo kwenda chini, safu imepungukiwa na inchi 3 na nusu na haikutani na safu ya jirani. Dawa ni ndogo. Shusha sindano ya cherehani, pima robo inchi kutoka sindano kwenda kulia, bandika vipande kadhaa vya selotepu ya karatasi kimoja juu ya kingine mpaka viwe na ukuta mdogo, kisha kitambaa kipite kikiegemea ukuta huo. Anayeshona kwa mkono achore mstari wa penseli upande wa ndani.

Siku ya kwanza ya vitendo kila mtu ashone kipande kimoja, kisha mtunza vifaa aweke kipimo cha inchi 12 na nusu juu yake mbele ya wote. Kilichopungua kinafumuliwa. Afadhali mtu anune siku hiyo kuliko kikundi kizima kinune mwezi wa sita.

Hatua ya tatu: vitambaa

Nendeni kwa mafundi mkiwa wawili, na msiende mikono mitupu. Mto wa viraka wa kukalia kwenye kiti cha cherehani ni zawadi inayokumbukwa, na fundi aliyeupata atawawekea mabaki yaliyokunjwa badala ya yaliyosokotwa.

Chagueni pamba. Kujua, chomoa uzi mmoja uuchome: wa pamba huacha majivu laini na kunuka kama karatasi, wa poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Poliesta si haramu, lakini hailali vizuri kwa pasi na huteleza chini ya sindano, kwa hiyo anayeanza asichanganye. Vitambaa vinavyovutika, satini na leso nyembamba za kichwani wekeni pembeni.

Vyote vifuliwe kabla ya kukatwa. Kitenge kipya na kanga mpya vina wanga, na vikifuliwa mara ya kwanza hupungua kidogo. Nyekundu na buluu iliyoiva loweka peke yake kwenye beseni jeupe. Maji yakibadilika rangi, rudia mpaka yatulie, la sivyo blanketi lako jeupe litageuka la waridi siku ya kwanza ya kufuliwa.

Sasa hesabu. Blanketi la kitanda cha futi 4 kwa 6 ni vipande 5 kwa 7, yaani vipande 35, na ukubwa wake inchi 60 kwa 84. Mkiwa 12 na kila mmoja akashona vipande 3, mna 36, na kile kimoja cha ziada kiwe mto. Viraka vinavyohitajika ni 315. Kwenye kitenge kizima cha upana wa inchi 45 unapata viraka 72 kwa yadi, kwa hiyo yadi 4 na nusu zinatosha uso wote. Mabaki yana kona na vipembe, mtahitaji zaidi ya hapo.

Kwa mgongo, nunueni kitenge kimoja cha yadi 6. Kateni mapande mawili ya yadi 2 na nusu na kuyaunganisha ubavu kwa ubavu. Yadi moja inayobaki ndiyo ya ukingo. Kama mnapenda kanga, doti moja ikiunganishwa kwa urefu inatosha mgongo wa blanketi dogo la vipande 4 kwa 6, kwa kuwa kanga moja ina takriban sentimita 150 kwa 110. Pangeni jina la kanga lisomeke pale blanketi likikunjwa. Na chagueni jina kwa busara, kwani blanketi la kumpa mzazi halistahili maneno ya kumsema jirani.

Katikati wekeni blanketi jepesi lililochoka au blanketi laini la mtumba lisilo na mashimo. Sufi msiitumie: inakusanyika mabonge na kuchungulia kwenye mishono. Siddi wa Karnataka nchini India, ambao ni wazao wa Waafrika waliovuka Bahari ya Hindi, hujaza ndani nguo kuukuu, na mablanketi yao yanadumu.

Hatua ya nne: kushona kipande na kuunganisha uso

Panga viraka 9 mezani kabla ya kushona, giza na mwanga vikipishana. Shona safu tatu. Piga pasi mishono ya safu ya juu na ya chini kuelekea kulia, na ya katikati kuelekea kushoto. Safu zikikutana, mishono inapishana na pembe zinakaa sawa bila kubahatisha. Pasi ya mkaa ifutwe na ijaribiwe kwenye kitambaa cha kutupa kwanza, halafu ishushwe na kuinuliwa. Ukiiburuta, miraba inapinda.

Siku ya kupanga uso, tandikeni vipande vyote 35 sakafuni na simameni mbali, ikiwezekana juu ya kiti. Hapa kila mtu ana maoni, na maoni yasiyo na kikomo yatawapeleka hadi magharibi. Wekeni utaratibu: kila mmoja anaruhusiwa kuhamisha vipande viwili, mara moja, bila kueleza sababu. Baada ya mtu wa mwisho hakuna anayegusa. Shoneni safu kwa safu, na kila safu ifungwe karatasi yenye namba kabla ya kuinuliwa.

Hatua ya tano: siku ya bandi na sindano

Hii ndiyo siku ya kikundi hasa. Kushona viraka mtu anaweza peke yake nyumbani, lakini tabaka tatu zinataka mikono mingi.

Fagieni, tandikeni mkeka. Mgongo ulale chini, upande mzuri ukitazama sakafu, uvutwe kidogo na kubanwa pembeni kwa mawe au miguu ya meza. Blanketi la kati juu yake, kisha uso, upande mzuri ukitazama dari. Mgongo na kati vizidi uso kwa inchi 3 kila upande. Pigeni bandi, yaani mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, kwa uzi wa rangi inayoonekana, mkianzia katikati kwenda nje kama miale, mistari ikipishana kwa upana wa kiganja. Ukianzia pembeni, hewa na kitambaa cha ziada vitakusanyika katikati na kutengeneza kifundo kisichoondoka.

Kisha kaeni mkizunguka. Sindano fupi, uzi wa pamba wenye nguvu usiozidi urefu wa mkono, na subana kwenye kidole cha kati. Mshono ni wa kawaida wa kuchoma na kutoka, mdogo, unaopita tabaka zote tatu. Fuateni robo inchi pembeni mwa kila kiraka, au mistari ya mshazari. Hakikisheni hakuna eneo kubwa kuliko kiganja lililobaki bila mshono, maana hapo ndipo tabaka la kati litakapohama likifuliwa.

Siddi niliowataja wana njia tofauti kabisa, na inawafaa wasiopenda vipimo. Blanketi lao, liitwalo kawandi, huanzia ukingoni. Mshonaji anaweka kitambaa pembeni, anakunja ncha, anashona, anaongeza kingine, akizunguka kuelekea katikati mpaka uso wote ufunikwe. Kwenye pembe nne huweka viraka vidogo vilivyokunjwa, vinavyoitwa phula, na bila hivyo blanketi huonekana halijavikwa. Jaribuni moja kama kazi ya mtu binafsi. Kwa kazi ya pamoja kipimo bado kinashinda.

Mishono ya watu 12 haitafanana. Msifumue mishono mikubwa ya bibi wa miaka 70 kwa sababu inaharibu mstari. Fumueni tu isiyopita tabaka zote.

Hatua ya sita: ukingo na jina

Punguzeni kingo ziwe sawa na uso. Kateni tepe 8 za inchi 2 na nusu kutoka yadi ile iliyobaki, ziungwe ncha kwa ncha, zikunjwe katikati kwa urefu na kupigwa pasi. Shoneni kingo zilizo wazi za utepe kwenye uso kwa cherehani, geuzeni utepe nyuma, malizieni kwa mkono.

Halafu andikeni. Nyuma, kwenye kona, shoneni kipande cheupe chenye jina la kikundi, kijiji, mwaka na majina ya walioshona, kwa kalamu isiyofutika au kwa uzi. Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837, alishona blanketi la visa vya Biblia lenye picha 11. Mwaka 1891, akiwa na shida, aliliuza kwa Jennie Smith, mwalimu wa sanaa. Aliomba dola 10, akapewa 5. Smith aliandika maelezo ya kila picha kama Powers mwenyewe alivyomsimulia, na leo blanketi hilo liko Smithsonian, makumbusho ya taifa ya Marekani, likiwa na jina la aliyelitengeneza. Wanawake wengine wengi wa zama zake waliacha kazi nzuri ambazo hakuna ajuaye ni za nani.

Maisha ya kikundi kwa mwaka

Kila kikao kianze kwa kuonyesha. Aliyemaliza kitu anakisimamisha, anasema kimetumika nini na kwa ajili ya nani. Wasikilizaji hawatoi kasoro isipokuwa ameuliza. Naona utaratibu huu mdogo unabakiza wanaoanza kuliko somo lolote.

Kila mwezi katibu atangaze kipande cha mwezi, mtindo mmoja mpya wa inchi 12. Baada ya mwaka kila mwanachama ana vipande 12, na vinatosha blanketi la mtoto mchanga la vipande 3 kwa 4. Mara moja kwa mwaka fanyeni mzunguko: kila mmoja anashona kipande cha katikati na kukiweka kwenye mfuko, mfuko unapita kwa wenzake watatu, kila mmoja akiongeza ukanda kuzunguka, mwisho unarudi kwa mwenyewe. Sheria ni kwamba huruhusiwi kulalamikia ulichorudishiwa. Kuna watakaolalamika.

Blanketi la kwanza litoeni bure: wodi ya wazazi, kituo cha kulelea watoto, au mzee anayeishi peke yake. La kwanza huwa na makosa na halitapata bei, na kikundi kilichotoa kabla ya kuuza hujulikana mtaani kwa jina zuri.

Fedha

Ada iwe ndogo, ya uzi na sindano. Mkitaka kukopeshana, anzisheni kikundi kingine chenye daftari lake, hata kama watu ni walewale. Tanzania mambo hayo yana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na mkopo usiolipwa ukiingia kwenye mkeka wa kushona, watu wawili hawatakaa tena upande mmoja. Kwa usajili wa kawaida muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, naye ndiye atakayewaeleza masharti ya mikopo ya halmashauri isiyo na riba.

Mkifika kuuza, andikeni saa za kila mtu kwenye daftari tangu kiraka cha kwanza. Bei ni vifaa, jumlisha saa mara ujira wa kibarua wa siku uliogawanywa kwa saa, jumlisha sehemu ya kikundi. Mtashtuka. Mnunuzi naye atashtuka, na ndiyo maana mito, mikoba na vitambaa vya meza huuzika haraka kuliko mablanketi. Msipunguze bei ya blanketi ili liondoke. Uzeni mto.

Oda kubwa itazameni kwa macho mawili. Freedom Quilting Bee, ushirika wa wanawake weusi wa Alabama ulioanzishwa 1966, ulipata mkataba na Sears, kampuni kubwa ya maduka, mwaka 1972 wa kushona foronya za kodurai. Mkataba ulileta mshahara wa uhakika mahali palipokuwa pakavu, lakini kila foronya ilibidi ifanane na nyingine. Mabaki ya kodurai ile wanawake waliyapeleka nyumbani Gee's Bend, wakashona mablanketi ya mitindo yao wenyewe, na kazi za kijiji hicho zikaja kutundikwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa la Houston mwaka 2002. Mkipata oda ya hoteli, ichukueni. Ila kikao cha pili cha kila mwezi kibaki cha kushona kile kila mtu anachotaka.

Bahati nasibu, ambayo vyama vya Marekani huitumia kuchangisha, huku kwetu inahitaji kibali. Iacheni.

Maonyesho na siku ya kutengeneza

Mwisho wa mwaka tundikeni kazi zote hadharani, kwenye kamba imara baina ya miti au nguzo, kivulini, kwa sababu jua la mchana hupausha kitenge. Kila kazi iwe na karatasi ya jina. Wekeni meza moja yenye viraka vilivyokatwa na sindano, mpita njia ashone mishono miwili mitatu. Wanachama wapya hutoka kwenye meza hiyo.

Siku ya mwisho ya kalenda iwe ya matengenezo. Tangazeni kwamba blanketi lolote la kikundi lililochanika lirudi, lililouzwa na lililotolewa. Kiraka kilichoisha hakifumuliwi: kata kipya chenye robo inchi ya kukunja, kiweke juu, kunja kingo ndani, shona kwa mishono midogo ya pembeni, kisha rudishia mistari iliyokatika kupita tabaka zote. Ukingo huchakaa kabla ya sehemu nyingine, hasa upande wa kichwani, kwa hiyo badilisheni upande huo peke yake. Katibu aandike ni nini kilichanika na wapi. Kitambaa kinachoonekana mara tatu kwenye orodha hiyo msikikate tena mwaka unaofuata.